SOMO LA ROBO HII: Antena ya Wima ya Bendi Nyingi, na Kwa Nini Kipimo Kizuri Hakitoshi

Na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi



Somo letu la robo hii ni la kiufundi kidogo, lakini limeandikwa kwa ajili ya watu ambao si mafundi. Linahusu kulinganisha antena ya wima ya bendi nyingi, yaani mlingoti mmoja unaotumika kwa masafa kadhaa ya redio ya HF, ile ambayo wengi wetu tunaiita simu ya upepo au redio koli. Tumelichagua kwa sababu kamati ndiyo inayopitisha bajeti ya mtambo wa namna hii, na kamati ndiyo inayoulizwa baadaye kwa nini mtambo umenunuliwa lakini hausikiki. Tutatumia kata ya Kansay, wilayani Karatu, kuwa mfano wetu. Jambo moja tunaomba lishikwe hadi mwisho: mshale wa kipimo ukitulia chini si ushahidi kwamba sauti imefika.

1. Kwa nini bado tunazungumzia redio?

Mwenye simu ya mkononi anaweza kuuliza redio ya nini. Tukumbuke tulikotoka. Shirika la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na kutoka Nairobi likajulikana kwa madaktari wake wa ndege. Kwa miaka mingi kabla ya minara ya simu, redio za HF ndizo zilizoziunganisha hospitali na zahanati za mbali na Nairobi. Bila redio ndege isingejua pa kwenda.

Leo minara ipo, na ni jambo la kushukuru. Lakini mnara unahitaji umeme, na kuna siku unakosa. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliupiga mji wa Katesh, katika mkoa jirani wa Manyara. Watu wengi walipoteza maisha, na barabara zikazibwa na matope, miti na mawe. Siku kama hiyo, kijiji ambacho mawasiliano yake yote yanategemea njia moja hubaki kusubiri. Redio ya HF haihitaji mnara wala kampuni katikati. Inahitaji betri, mtu aliyefundishwa, na antena inayofanya kazi kweli.

Elimu ya antena za namna hii imekuzwa sana na watu wa redio ya ridhaa, wanaorusha mawimbi kwa kujifunza na si kwa biashara. Hapa Tanzania alama zao za mwito huanza na 5H, Kenya 5Z na Uganda 5X. Wao wamezoea kupata bendi nyingi kwa antena moja, kwa fedha kidogo. Tunaweza kujifunza kwao.

2. Kulinganisha maana yake nini?

Mkulima wa Karatu anayelima kwa maksai atalielewa hili upesi. Maksai wawili wenye nguvu, lakini hatua zao hazilingani, wakifungwa nira moja watavutana. Nguvu wanayo, ila haifiki kwenye jembe.

Redio nyingi za HF zimetengenezwa kusukuma nguvu kwenye ukinzani wa omu 50, na kebo yetu ya koaksia pia ni ya omu 50. Antena ikionyesha omu 50, vyote vinakwenda hatua moja. Ikionyesha omu 12 au 200, sehemu ya nguvu inarudi kwenye kebo. Mawimbi yanayokwenda na yanayorudi yakikutana ndani ya kebo, hufanya mawimbi simama, na kipimo cha SWR hutupa uwiano wake. Uwiano wa 1 maana yake hakuna kinachorudi. Kwa 1.5, asilimia 4 ya nguvu hurudi. Kwa 2, asilimia 11. Kwa 3, asilimia 25. Redio nyingi za kisasa hujilinda zenyewe kwa kupunguza nguvu uwiano ukipita 2 au 3.

Hadi hapo kipimo ni rafiki mwema. Lakini fundi akichukua kinzani cha omu 50, akakitumbukiza ndani ya kopo la mafuta ya transfoma na kukiunga kwenye kebo, kipimo kitaonyesha 1 safi katika kila bendi. Na hakuna atakayemsikia, kwa sababu nguvu yote imepasha mafuta moto. Kwa hiyo kipimo kinatuambia kitu kimoja tu: nguvu hairudi. Hakituambii imekwenda wapi.

3. Mizizi ya antena

Antena ya wima ni nusu ya kitu. Nusu ya pili ni ardhi iliyo chini yake. Umeme unaopanda kwenye mlingoti lazima upate pa kurudia, na unarudi kupitia udongo unaozunguka mguu wa mlingoti. Udongo mkavu ni njia mbaya: unaleta ukinzani na kugeuza nguvu kuwa joto. Ndiyo maana tunalaza nyaya ardhini, zikitoka kwenye mguu wa antena kwenda pande zote kama mizizi ya mti, ili umeme urudi kwa njia nyepesi. Katika somo hili tutaziita nyaya za ardhini.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha vipimo vyao vya nyaya za ardhini chini ya minara ya redio, na kazi hiyo ikawa msingi wa vituo vya utangazaji kulaza nyaya 120 chini ya mnara mmoja. Sisi hatuhitaji 120. Lakini fundi anayesema fimbo moja ya chuma iliyogongwa ardhini inatosha, hajasema kweli. Fimbo ile ni muhimu kwa usalama wakati wa radi. Kwa kazi ya kurusha mawimbi haitoshi.

4. Hesabu ya faida na hasara

Kila antena ya wima ina omu za faida, zinazogeuza nguvu kuwa mawimbi angani, na omu za hasara, zinazopasha udongo moto. Kipimo kinaona jumla yake, hakiwezi kuzitenganisha. Mlingoti wenye urefu wa robo ya wimbi una omu za faida zipatazo 36. Sasa tuangalie hali nne, kila moja ikipewa wati 100 kwenye mguu wa antena:

Hali ya kwanza. Nyaya za ardhini ni chache sana. Faida 36, hasara 40, jumla 76. SWR ni 1.5. Angani zinakwenda wati 47.

Hali ya pili. Nyaya za kadiri. Faida 36, hasara 14, jumla 50. SWR ni 1.0 kamili. Angani zinakwenda wati 72.

Hali ya tatu. Nyaya nyingi, zimelazwa vizuri. Faida 36, hasara 5, jumla 41. SWR ni 1.2. Angani zinakwenda wati 88.

Hali ya nne. Mlingoti uleule wa mita 10 unalazimishwa kwa koili kufanya kazi kwenye megahezi 3.6, ambako ni mfupi mno. Faida ni omu 7 hivi. Hasara ya ardhi na koili ni 43. Jumla 50. SWR ni 1.0 kamili. Angani zinakwenda wati 14 tu.

Tunaomba wanakamati wasome tena hali ya pili na ya tatu. Tulipoongeza nyaya, kipimo kiliharibika kidogo, kutoka 1.0 hadi 1.2, lakini sauti iliongezeka. Fundi asiyejua hili ataziondoa zile nyaya mpya akidhani zimeleta ubovu. Na hali ya nne ndiyo ya kuogopwa zaidi: kipimo kinapendeza, ripoti kwa mfadhili inapendeza, na wati 86 zinabaki kwenye udongo na koili.

Kuna dalili nyingine. Ikiwa SWR ni nzuri kwa upana usio wa kawaida, kana kwamba antena haijali masafa gani unatumia, usishangilie. Antena fupi yenye hasara ndogo huwa na upana mwembamba. Upana mkubwa kwenye antena fupi mara nyingi ni alama kwamba hasara ni kubwa. Vivyo hivyo, kipimo kikibadilika sana kati ya masika na kiangazi, ujue antena bado inaegemea udongo. Huku Karatu ardhi ya Aprili si ardhi ya Septemba. Nyaya zikitosha, majira hayataisumbua sana.

5. Bendi nyingi kwa mlingoti mmoja

Urefu wa robo ya wimbi, kwa mita, hupatikana kwa kugawa 71.3 kwa masafa ya megahezi. Kwa 7.1 tunapata mita 10.04, kwa 14.2, mita 5.02; kwa 21.2, mita 3.36. Kila bendi inataka urefu wake. Njia za kuunganisha urefu hizo mahali pamoja ni tatu.

Njia ya mitego. Koili na kapasita huwekwa katikati ya mlingoti. Kwenye masafa ya juu mtego hufunga njia, na sehemu ya chini peke yake hufanya kazi. Kwenye masafa ya chini mtego hupitisha umeme, na mlingoti mzima hufanya kazi. Antena nyingi za dukani ni za aina hii. Ni nadhifu, lakini mitego hula nguvu kidogo, na maji yakiingia ndani ya mtego kazi imeharibika.

Njia ya nyaya sambamba. Waya wa kila bendi husimama pembeni ya mwenzake, umbali wa sentimita 15 hadi 30, na zote hukutana mguuni. Umeme huchagua wenyewe waya unaoufaa. Fundi wa kijiji anaweza kuitengeneza na kuirekebisha. Na kuna zawadi ndani yake: waya wa 7.1 hufanya kazi pia karibu na 21, kwa sababu masafa hayo ni mara tatu yake, kwa hiyo kwa nyaya mbili unaweza kupata bendi tatu.

Njia ya urefu mmoja na tyuna. Mlingoti, kwa mfano wa mita 13, hausikizani hasa na bendi yoyote, na tyuna au transfoma hufanya kazi ya kulinganisha. Ni rahisi kusimika. Lakini tyuna iwe mguuni pa antena, si ndani ya chumba cha redio. Sababu tutaieleza kwenye sehemu ya kebo.

Kwa mazingira ya Kansay sisi tunapendekeza njia ya pili. Vifaa vyake vinapatikana Karatu mjini au Arusha, na waya ukikatika hausubiri kipuri kutoka ng'ambo.

6. Hatua za kazi

Kwanza, simika nguzo. Nguzo ya mti au mwanzi wa mita 11 inafaa, kwa sababu bomba la chuma lingeingilia kazi ya nyaya. Ifungwe kamba pande tatu. Iwe mbali na nyaya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wake, ili hata ikianguka isizifikie.

Pili, laza nyaya za ardhini kabla ya kupima chochote. Hii ndiyo hatua inayorukwa. Waya ukiwa haba, nyaya nyingi fupi ni bora kuliko chache ndefu: nyaya 16 za mita 5 ni mita 80, na zitakusaidia kuliko 4 za mita 20 ambazo pia ni mita 80. Ukiweza, ziwe 32. Urefu wake hauhitaji kuwa sawasawa zikiwa zimelala ardhini. Zizikwe sentimita 5 hivi kwa jembe, ng'ombe na mbuzi wasizikokote. Mahali panapolimwa kila msimu pasitumike, kwa sababu plau itazikata zote kwa asubuhi moja. Uwanja wa zahanati au wa kanisa unafaa kuliko shamba la mahindi.

Ikiwa mifugo haizuiliki, nyaya zinaweza kuinuliwa mita 2 na nusu au zaidi juu ya ardhi. Hapo nyaya mbili hadi nne kwa kila bendi zinatosha, lakini sasa kila moja lazima iwe na urefu wa robo ya wimbi, nazo zihami ncha zake zisiguswe na mtu.

Tatu, kata nyaya za wima ukiacha sentimita 30 za ziada. Usikate ziada hiyo. Ikunje irudi juu yake yenyewe. Waya uliokunjwa hukunjuliwa. Uliokatwa haurudi.

Nne, zungusha kebo mguuni pa antena mizunguko 8 hadi 10 yenye kipenyo cha sentimita 20 na uifunge. Koili hiyo ya kebo huzuia mawimbi yasitembee juu ya kebo hadi chumbani, ambako hukoroga vipimo na kumuuma mtumiaji mdomoni kupitia maikrofoni ya chuma.

Tano, pima palepale mguuni. Siku hizi kuna vipimo vidogo vya mkononi, kama NanoVNA, vinavyoonyesha SWR na ukinzani kwa pamoja, na bei yake si mzigo kwa mradi. Anza na waya mrefu, wa 7.1. Tafuta masafa ambayo SWR iko chini kabisa. Ikiwa ni chini ya 7.1, waya ni mrefu mno. Ikiwa ni juu, ni mfupi. Urefu mpya ni urefu wa sasa, zidisha kwa masafa uliyoyaona, gawa kwa masafa unayoyataka. Mfano: waya wa mita 10.30 umeonyesha 6.8 na wewe unataka 7.1. Zidisha 10.30 kwa 6.8, gawa kwa 7.1, unapata mita 9.86. Punguza sentimita 44, lakini fanya nusu kwanza, upime tena.

Sita, nenda kwenye waya wa 14.2, kisha angalia 21, halafu rudi kwenye 7.1. Nyaya hizi ni majirani na husikilizana. Ukigusa mmoja mwingine husogea kidogo. Zunguka mara mbili au tatu. Kwa antena ya mitego mpangilio ni kinyume: anza na bendi ya juu kabisa, ambayo ndiyo sehemu ya chini ya mlingoti, ukishuka kwenda bendi ya chini. Ukianza na ya chini utarudia kazi yote.

Saba, ukipata SWR ya 1.5 au pungufu, acha. Kutafuta 1.0 ni kupoteza siku. Kama nyaya za ardhini ni nyingi na bado kipimo kinasoma 1.2 au 1.3, huo ni uzuri, si ubovu.

Na mlingoti mfupi je? Turudi kwenye hali ya nne. Tukiongeza nyaya na kutumia koili nene, hasara ikashuka kutoka 43 hadi 5, jumla inakuwa omu 12. SWR sasa ni zaidi ya 4, na mtu atasema tumeharibu. Kumbe wati zinazoweza kwenda angani zimepanda kutoka 14 hadi 58. Kilichobaki ni kulinganisha kwa haki: koili ndogo huungwa kati ya mguu wa antena na nyaya za ardhini, na antena hufanywa fupi kidogo kuliko inavyotaka. Koili na ufupi huo hufanya kazi pamoja kuzigeuza omu 12 zionekane 50 kwa redio. Huku ndiko kulinganisha kwa kweli. Kule kwa kwanza hasara ndiyo iliyotulinganishia.

7. Kebo inaweza kuficha ubovu

Kebo nyembamba ya RG-58, mita 30, kwenye megahezi 14, hula karibu theluthi moja ya nguvu hata kila kitu kikiwa kimelingana. Kebo nene ya RG-213 hula karibu sehemu moja kati ya saba. Sasa tuseme antena ina SWR ya 10 mguuni, na kebo ni ile nyembamba. Nguvu itakayoingia kwenye antena ni theluthi moja tu. Na kipimo kilicho chumbani hakitasoma 10, kitasoma kama 3.6, kwa sababu kebo imekula pia nguvu iliyokuwa ikirudi. Tyuna ya mezani itaishusha hadi 1, redio itafurahi, na zile theluthi mbili zitaendelea kuliwa njiani.

Kwa hiyo pima mguuni, linganisha mguuni, na usinunue kebo ndefu kuliko inavyohitajika.

8. Unataka kuzungumza na nani?

Swali hili lilipaswa kuulizwa kabla ya kununua. Antena ya wima hutupa mawimbi yake chini, karibu na upeo wa macho, na juu ya kichwa chake haitupi karibu kitu. Kwa kuzungumza na Dar es Salaam, Kampala au Ulaya, hilo ni jema. Lakini kutoka Kansay kwenda Karatu, Mbulu au Arusha, katikati kuna milima na mabonde, na wimbi linaloambaa ardhini huchoka mapema. Linalohitajika hapo ni wimbi linalopanda karibu wima, ligonge tabaka la juu la anga na kushuka upande wa pili wa mlima. Kazi hiyo hufanywa na waya wa mlalo, uliofungwa kati ya miti miwili, mita 5 hadi 8 juu ya ardhi, kwa kawaida karibu na megahezi 7 mchana na 3.6 usiku.

Kama lengo la kamati ni zahanati kuongea na hospitali ya wilaya, msinunue antena ya wima ya bendi nyingi hata ikiwa nzuri namna gani. Nunueni waya na miti. Kama lengo ni vyote viwili, wekeni zote mbili na swichi. Swichi hiyo ina faida nyingine: inakuwezesha kulinganisha antena mbili papo hapo kwa sikio la mtu wa upande wa pili. Muulize akupe namba mbili: anavyokuelewa, kati ya 1 na 5, na nguvu ya sauti, kati ya 1 na 9. Hatua moja ya nguvu ni sawa na kuongeza nguvu mara nne. Ripoti hiyo ndiyo kipimo cha mwisho.

9. Sheria na usalama

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayosimamia masafa. Leseni ya redio ya ridhaa ni ya mtu binafsi na si ya shughuli za kila siku za taasisi. Zahanati inayotaka kuagiza dawa kwa redio inahitaji leseni na masafa yake yenyewe, nayo nyaya zitakatwa kwa masafa hayo. Hesabu ni ileile. Kanuni za kimataifa za redio zinaruhusu vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa wengine kimataifa wakati wa dharura na maafa. Katika kanda yetu watu wa ridhaa wametenga mahali pa kukutania wakati huo, kwa mfano 7.110 na 14.300.

Mguu wa antena usiguswe wakati wa kurusha. Uzungushiwe wigo, watoto wasiufikie. Mvua za radi zikikaribia, chomoa kebo na kuiacha nje ya nyumba.

10. Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Mara nyingi msaada huja ukiwa na redio na mlingoti unaong'aa, bila hata mita moja ya waya wa ardhini, na bila siku moja ya mafunzo. Mlingoti huonekana kwenye picha. Nyaya zilizozikwa hazionekani. Tunawaomba wafadhili wetu wakubali mistari hii katika bajeti: mita 80 hadi 160 za waya wa ardhini, kebo nzuri, kipimo cha mkononi cha kukaa palepale, mafunzo ya watu wawili walau, na daftari. Katika daftari yaandikwe: tarehe, hali ya udongo, SWR na omu kwa kila bendi, na ripoti ya aliyesikia. Vipimo virudiwe mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika.

Na kamati inapopokea kazi ya fundi, isisaini kwa sababu mshale umelala kwenye 1. Isaini baada ya kumsikia mtu wa upande wa pili akijibu.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Tunataka kituo chetu kisikike wapi hasa: wilayani, mkoani, au mbali zaidi? Je, antena tuliyo nayo au tunayoiomba inafaa kwa umbali huo?
2. Nyaya za ardhini zitalazwa wapi ambapo plau na mifugo havifiki? Nani atazikagua?
3. Fundi akituletea SWR ya 1.0, tumuulize maswali gani matatu kabla ya kumlipa?
4. Katika shughuli nyingine za usharika wetu, ni taarifa zipi zinazopendeza kwenye karatasi lakini hatujawauliza waliopaswa kufikiwa kama zimewafikia?

Sharika zitakazoyajadili maswali haya zituandikie majibu yao kupitia ofisi ya miradi. Yatatusaidia kupanga mafunzo ya mafundi.